Sekunde Sita za Mjomba

Mjomba alifunga skrini mpya ya video kwenye gari lake, nami nikaamua kumpima. Kila alipoitazama akiendesha nilihesabu sekunde kwa simu na kuziandika daftarini.

"Mpwa wangu, barabara hii ya Manyoni naijua hata nikifumba macho," alinicheka.

Nilikuwa nimefika sekunde sita tulipomgonga fahali. Kioo cha mbele kilipasuka. Wachungaji walimvuta mjomba nje, wakamchapa fimbo mpaka sikio likachanika.

Mzee mwenye ng'ombe alipofika, mjomba alimwamkia akiwa chini, damu mdomoni. "Shikamoo."

Mzee hakuweza kuacha kuitikia. "Marahaba." Fimbo zikashushwa. "Macho yako yalikuwa wapi?"

"Barabarani, mzee."

Akanigeukia mimi niliyebaki garini. Nililikalia daftari, nikasema fahali alitokea ghafla.