Siku Nilipomshusha Mama Mkwe Kwenye Matuta

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshazoea. Mtu mzima, mshauri wa magari wa Ilomba nzima, hapa Mbeya (niliyejiteua mwenyewe), ndiye niliyemtembeza mama mkwe kwa miguu na gari nimempelekea mimi.

Kisa springi. Nilinunua springi fupi ili gari likae chini, lipendeze siku ya kupeleka barua ya posa, na fundi akaniambia wazi, "Kaka, springi fupi inataka shokapu fupi. Hizi zako ndefu zitakuwa zimeshazama, hazina pa kwenda tena." Nikamjibu shokapu zangu nzima, hata tone la oili halijavuja, afunge tu (mikono kiunoni, kana kwamba hizo shokapu nilizitengeneza mimi). Akafunga.

Kutoka Mbeya hadi Iringa nilikuwa peke yangu, mjomba, mshenga wangu, alishatangulia na basi, na gari liliporukaruka nikasema hiyo ndiyo spoti yenyewe. Tena kwa kujiamini sikwenda moja kwa moja nyumbani kwa kina Tumaini, mchumba wangu. Nikapitia kanisani Kihesa kuwachukua wazazi wake, washarika waone mkwe wa namna gani anakuja.

Waliona! Baba mkwe mbele, mama mkwe na shangazi wawili nyuma, wote wamejaliwa miili, gari likakaa chini kama kuku anayeatamia. Tuta la kwanza, ngo! Shokapu zikagonga, tumbo la gari likakwama juu ya tuta, kwaya nzima inatazama. Nikajikaza, "Mama, samahani, naomba mshuke kidogo tuvuke." Wakashuka, tukavuka, wakapanda. Tuta la pili, vilevile. La tatu mama alishuka, akafunga kitenge chake vizuri na kushika njia, jirani mmoja akamwuliza, "Kamwene mama, mbona kwa miguu na gari lipo?"

"Tunalisindikiza," akajibu.

Jamani, aibu niliyoona, masikio yaliwaka moto! Baba mkwe, mzee wa kanisa asiyecheka ovyo, mjomba alipotoa barua kule nyumbani, hakuigusa.

"Kijana," akasema, "gari umelishusha, mke wangu umemshusha mara tatu. Binti yangu nikikupa, utamshusha wapi?"

Mjomba, msemaji wa kila harusi, akairudisha barua mfukoni. Tukarudi Mbeya na barua yetu, na Tumaini hakupokea simu yangu siku nne.

Niliapa, na kiapo hicho sikivunji: fundi akisema shokapu na springi haziendani, mimi nani nibishe? Nikarudisha springi za mwanzo, tukaenda tena. Mzee akatoka nje, hata salamu hakutoa kwanza. Akakunja suruali, akapiga magoti, akachungulia chini ya gari, akaingiza ngumi moja kati ya ardhi na tumbo la gari, halafu nyingine juu yake, zikaenea. Akasimama, akajipangusa vumbi.

"Haya," akasema, "leteni hiyo barua."