Firigisi Kwenye Meza ya Mercyline

Mercyline Nakhungu anaamini kuna njaa mbili duniani: ya tumbo na ya kutaka kujua. Ya tumbo, anasema, hata mkate unaituliza. Ya pili ndiyo humfanya afunge saluni yake pale Mamboleo Jumapili moja kila mwezi, avae viatu vya kisigino, na kutupeleka kula mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga.

Mimi aliniokota kwenye kiti cha saluni. Nilikuwa nimeinamia kitabu huku akinisuka, akaniuliza jana nilikula nini. Chipsi. Na juzi? Nikafungua ukurasa mwingine. Akaacha kusuka.

"Chipsi tena," akasema. "Wendy, mtu anasoma vitabu vyote hivyo halafu anakula kitu kimoja kama mbuzi wa kufungwa? Jumapili unakuja na sisi."

Mtu hakatai jambo akiwa amesukwa nusu kichwa.

Sisi ni Mercyline mwenyewe, ambaye nyumbani kwao ni upande wa Kakamega. Dorca, anayeuza mapazia ya mitumba Kibuye na hajui kunong'ona. Na Bwana Muturi mwenye duka la rangi na misumari, aliyekuja Kisumu kutoka Nyeri akiwa kijana na akakaa miaka bila kumgusa samaki, kwa sababu, alisema, hakuwa amepata mtu wa kumtambulisha. Dorca ndiye aliyemtambulisha. Alimwekea ngege mzima mbele yake na kumwambia, "Huyu haulizwi, anafuatwa. Anzia mgongoni, ukifika kwa mfupa simama." Muturi alisimama kweli, kwa miguu yake, akasubiri maagizo zaidi.

Tangu hapo tumekula kumbikumbi. Tumekula kamongo, samaki anayepumua hewa kama mtu, na Muturi akamwomba radhi kabla ya kumtafuna. Tumekula kwa Wachina, ambako Dorca alichoma andazi lao la nyama kwa kijiti kimoja kama mshikaki, na kijiti cha pili akajikunia kichwa. Mercyline alimtazama tu, na kijiti kikarudi mezani. Yeye hacheki na adabu ya meza. Simu inalala ndani ya mkoba. Mhudumu anaitwa kwa jina lake, hapigiwi makofi wala mluzi. Chakula hakitolewi maoni mpaka tonge la tatu liwe limemezwa, kwa sababu la kwanza, anasema, ni la woga, na la pili ni la kiburi. Na hakuna anayekula kigeni peke yake: sahani huzunguka, kila mtu anaonja.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho mama huyo, aliyekula kumbikumbi wakiwa bado wanapiga mabawa, hakuwa amewahi kukitia mdomoni. Firigisi ya kuku.

Kwao firigisi ni ya mwenye nyumba. Alipokuwa mtoto ndiye aliyebeba sinia kutoka jikoni mpaka kwa baba yake, na firigisi ilikaa juu ya vipande vingine kama mkuu wa tarafa kwenye jukwaa. Siku moja aliilamba njiani. Kukhu wake, yaani nyanya, alimfinya sikio likaimba mpaka jioni. Sasa ni mwanamke mzima mwenye saluni, ananunua kuku kwa pesa yake, anamchinja, anampika, na firigisi anampelekea fundi wa viatu wa mlango wa pili.

"Kwa nini usiile?" nilimuuliza wakati mmoja.

"Sijui. Mkono unakataa."

Halafu akaja Wesonga. Huyu anaendesha trekta la miwa huko Muhoroni, mjane, mtu mrefu wa maneno machache anayecheka kwa mabega. Aliingia saluni mara ya kwanza kuomba maji ya rejeta. Mara ya pili aliomba maji, na trekta hakuja nalo. Msimu wa mvua ulipoanza alimwambia Mercyline wazi kwamba anataka kumwoa, na Mercyline, badala ya kujibu kama watu wengine, akampa mtihani.

"Njoo Jumapili kwenye meza yetu, kule Dunga kando ya ziwa. Nitaagiza kuku mzima. Firigisi ikija, nikikuwekea kwenye sahani yako, ujue nimekubali. Nisipokuwekea, kula ugali ushibe, urudi Muhoroni salama."

Mimi alinieleza yaliyobaki akinifumua nywele, kwa sauti ndogo isiyo yake. "Namtaka, Wendy. Hilo si swali. Lakini nikimpa firigisi nimempa na meza. Atakaa pale mbele, na mimi nitarudi kubeba sinia. Tena hizi Jumapili zetu ataziangalia kwa jicho gani?"

Vitabu nilivyosoma havina sura ya firigisi.

Basi Jumapili ikafika. Mkahawa wenyewe ni wa mabati, meza zimepangwa karibu na maji hadi kiti cha mwisho kina matope miguuni. Mercyline alikuwa amemwambia Dorca habari yote, na ukimwambia Dorca umetangaza. Aliyekuwa hajui ni Muturi peke yake, kwa sababu alikuwa dukani akihudumia mteja wa mwisho, na simu yake, kwa kutii sheria, ilikuwa tayari imelala mkobani.

Wesonga alikuja na shati lililopigwa pasi mpaka likawa na kingo.

"Shemeji, karibu," Dorca akasema.

"Dorca," Mercyline akasema.

"Nimesema karibu tu, yawa jamani. Siku hizi hata karibu ni makosa?"

Mhudumu wetu aliitwa Robinson. Alileta birika na beseni tukanawa, akaleta ugali, mboga, ngege wawili wa kukaanga, na mwishoni sinia la kuku wa kienyeji. Mpishi lazima alikuwa mtu wa upande wa kina Mercyline, kwa sababu firigisi alikuwa ameiweka juu kabisa, katikati, inang'aa.

Dorca aliomba. Aliombea chakula, waliokipika, wakulima wa miwa wote, matrekta, na "wale wanaongoja majibu mbele zako". Tukasema amina. Kisha hakuna aliyegusa kitu. Mkono wa Mercyline ulikuwa umelala mezani karibu na kijiko. Wesonga alikuwa anasoma kitambaa cha meza. Dorca alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja. Mvuke ulipanda, sisi tunatazama sinia.

Hapo ndipo Muturi alipofika mbio mbio, mikono ikidondosha maji ya bomba.

Ni muhimu kuelewa alichokiona. Aliona watu wazima wameketi mbele ya chakula cha moto, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza. Yeye ni mtu wa heshima. Akaona atuokoe. Na kwa kuwa amechelewa, na aliyechelewa hachukui kipande kikubwa, akapitisha jicho kwenye sinia, akakipata kilicho kidogo kuliko vyote, akakitia mdomoni.

"Mnaoneana haya ya nini?" akasema akitafuna. "Kuleni, kuleni."

Mkono wa Mercyline ukakigonga kijiko, kikaanguka.

"Omera, ndugu yangu," Dorca akasema polepole, "Muturi, umeoa."

"Nimeoa zamani. Mnamjua Mumbi."

"Umeoa tena. Sasa hivi. Unatafuna harusi."

Muturi aliacha kutafuna. Dorca alimweleza, na kwa vile ni Dorca aliyemweleza, meza tatu za jirani zilielezwa pia. Shavu la Muturi lilibaki limevimba upande mmoja. Alitutazama mmoja mmoja.

"Nimeze ama nisimeze?" akauliza.

Sheria zote za Mercyline hazikuwa zimefikiria hali hiyo. Mimi nilikuwa nimeziba uso kwa leso. Nilijua nikimtazama Dorca nitakufa.

Muturi akameza. Sauti ya kumeza ilisikika. "Mumbi ataniuliza nilikula nini," akasema kwa huzuni. "Hili ni swali anauliza kila siku."

Ndipo mabega ya Wesonga yakaanza kutikisika. Yalitikisika mpaka kiti kikatikisika. Akachukua paja la kuku, akaliinua kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi kanisani, akaliweka kwenye sahani ya Muturi.

"Baba mwenye nyumba," akasema, "ongeza na hili. Kazi ya kutunza Mercy inataka nguvu."

Hapo tulivunjika. Dorca alilala kwenye bega langu akilia machozi halisi. Muturi, alipoona hapigwi, alicheka hadi akahitaji kupigwa mgongoni. Robinson alikuja na uso wa wasiwasi.

"Kuna shida na chakula?"

"Chakula ni kizuri, Robinson," Muturi akasema. "Shida ni ndoa."

Ni Mercyline tu ambaye hakucheka sana. Alikuwa anamtazama Wesonga jinsi anavyotazama nywele mpya kabla ya kuamua zisukwe vipi.

Robinson alisikiliza kisa chote, kwa upande wa Dorca, kisha akaenda jikoni. Tulisikia jikoni kukinyamaza, halafu kukicheka. Aliporudi alikuwa amebeba sahani kubwa nyeupe, ile ya kutolea samaki wa watu sita. Katikati, peke yake, palikaa firigisi ya kukaanga, pembeni kipande cha nyanya na jani la dhania.

"Mpishi anasema hii ni ya kuku mwingine," akasema, "lakini nia ni ile ile."

Meza ya nyuma yetu, watu wa kwaya fulani, waligeuza viti bila aibu. Mercyline alivuta sahani kwake. Nilimwona akiitazama firigisi ile, na nadhani aliona sinia, na njia kutoka jikoni, na kukhu. Akainua kijiko. Akaichota. Akaiweka kwenye sahani ya Wesonga.

Kwaya ilitaka kupiga makofi. Wesonga akainua kidole kimoja, wakangoja.

"Robinson, naomba kisu."

Kisu kikaja. Sasa, firigisi iliyokaangwa ni kitu cha ukaidi. Aliibana kwa uma, akakata, nayo ikateleza, ikaruka, ikatua ndani ya mchuzi wa Dorca.

"Mimi pia naolewa?" Dorca akauliza.

Wesonga aliivua kutoka kwenye mchuzi, akaishika kwa vidole kama ilivyopaswa tangu mwanzo, akaikata katikati. Nusu akabaki nayo. Nusu akaiweka mbele ya Mercyline.

"Kwenye meza yako hakuna anayekula kigeni peke yake," akasema. "Si ndiyo sheria? Mimi ndiye nimekuja kwa meza yako, Mercy. Sikuja kuichukua."

Mercyline aliitazama ile nusu.

"Kukhu atanifinya sikio."

"Basi mimi nitatoa langu liwe la pili, apate jozi."

Akaila. Tulimtazama akitafuna kama watu wanaotazama penalti. Alitafuna muda mrefu. Akameza. Wote tulikumbuka sheria ya tonge la tatu, lakini hapakuwa na la tatu.

"Ni hii tu?" akasema mwishowe. "Miaka yote hii, ni hii tu?"

Akaanza kucheka, na safari hii alicheka kwa mwili mzima, mkono kifuani, mpaka Robinson naye akaketi bila kualikwa. Kwaya ikapiga makofi yake iliyoyaweka akiba, na mmoja wao akaanzisha wimbo, sauti ya nne ikaingia kabla ya wakati.

"Kwa hivyo," Muturi akauliza katikati ya kelele, "mimi sijaoa?"

"Umeachwa," Dorca akamwambia. "Kula paja lako."

Tulipomaliza, Robinson alileta birika na beseni. Mercyline, kwa mazoea, akainuka kupokea ili atunawishe. Wesonga alikuwa ameshasimama. Alichukua birika kwa mkono mmoja na beseni kwa mwingine, shati lake la kingo likaingia mchuzi wa Dorca, wala hakujali. Akaanza na Mercyline. Mercyline akakaa chini, akanyoosha mikono, na maji ya vuguvugu yakamiminwa polepole juu yake, naye ananiangalia mimi juu ya beseni kama msichana aliyelamba kitu njiani bila kuonwa.

Kisha Wesonga akazunguka meza. Alipomfikia Muturi, aliinama kidogo zaidi.

"Na wewe, mume wa kwanza," akasema. "Nyoosha mikono."