Maji ya Ndani na Maji ya Uani

Mwanangu Hamisi, siku bibi yako Pili alipotema maji uani kwangu hapa Somanga naikumbuka mpaka kivuli cha ukuta kilipokuwa kimefika. Ilikuwa karibu na adhuhuri. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, mke wa mtu, mama wa mtoto mmoja, na kichwani sina pa kuingiza neno la mwingine. Mtoto huyo ni wewe, kwa hiyo nikiutaja ugonjwa wako wa tumbo usinune. Una watoto wawili sasa, na mbele ya mama yako huna cha kuonea haya.

Nianze na majivuno yangu, maana mambo yote yalianzia hapo. Mimi ni mtoto wa Njinjo, wa jembe na korosho. Nilipoolewa huku pwani wanawake walinitania kuwa nimeletwa kutoka shamba na kisamvu mkononi. Ulikuwa utani wa watani, hauna ubaya, lakini mimi ulinichoma. Nikaapa kwamba nyumba yangu haitapata dosari. Kliniki walitufundisha kuchemsha maji ya kunywa, basi nikachemsha kuliko walivyofundisha. Nikayachuja kwa kitambaa cheupe nilichokikunja mara nne, nikayatia mtungini, mtungi nikaufunika kwa kawa, na kikombe cha kuchotea nikakitundika peke yake kwenye msumari. Ole wake atakayekigusa. Baba yako akirudi barabarani kuuza samaki wa kukaanga kwa abiria wa mabasi, nilimnawisha mpaka viwiko ndipo nimpe maji. Akawa ananiita bwana afya.

Hayo ndiyo yalikuwa maji ya ndani. Uani kulikuwa na pipa, na maji yake yalitoka kisimani moja kwa moja, ndoo juu ya ndoo. Hayo ni ya kazi: kuoga, kufua, kuosha vyombo, kutawadha. Kila nyumba niliyoijua iliishi hivyo. Maji ya kunywa yana heshima yake, na maji ya kazi ni maji tu.

Masika yalipokolea, wewe ukiwa na miezi minane, tumbo likakushika. Ukaharisha siku nne, zahanati wakatupa dawa na maji ya chumvi na sukari, ukapona. Wiki mbili hazikupita, likarudi. Ukapona tena, likarudi tena. Kwenye kadi yako ya kliniki mstari wa uzito uliokuwa unapanda ukalala, kisha ukaanza kushuka. Nilikuwa nikikubeba mgongoni nisisikie uzito, na hapo ndipo nilipoijua hofu.

Baba yako akaniambia kwa upole kwamba utapelekwa Lindi kwa shangazi yako Zuhura, aliyekwisha kulea watoto watano bila kupoteza hata mmoja. Ukae huko mpaka utengemae. Na ulikuwa bado unanyonya, mwanangu. Angenikaripia ningemjibu, lakini alisema kwa huruma, na huruma ile ilinivunja. Maana yake ni kwamba hata yeye ameona mimi siwezi kulea. Zuhura akapelekewa habari aje Jumamosi kukuchukua.

Jumatano akatangulia kufika bibi yako Pili, mama mzazi wa baba yako, kutoka Kivinje. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akakupokea mikononi. Akakupima kwa mikono yake kama mtu anayepima mchele sokoni. Mimi sikungoja hata avue viatu. Nikamvuta nimwonyeshe mtungi, kawa, kitambaa na kikombe changu cha msumarini. Nikamwambia, "Mama, nyumba hii maji yake hayana shaka. Ugonjwa huu unatoka kwingine." Nyani haoni kundule, na siku ile nyani alikuwa anatembeza wageni.

Adhuhuri ilipokaribia akaenda uani kutawadha. Nilikuwa nimekaa kizingitini nakunyonyesha, namwona vizuri. Akachota kwa kata, akanawa viganja, akatia maji kinywani. Hapo akasimama. Mashavu yamejaa, macho kwangu. Akayatema taratibu, akayatazama yakinywea mchangani.

"Somoe, haya umeyachemsha?"

"La, mama. Hayo ni ya uani. Ya kunywa ni yale ya ndani."

"Na mdomo huu niliosukutulia ni wa uani?"

Swali hilo sikuwahi kulifikiria. Watu wa nyumba yetu tulikuwa tunalinda maji ya kunywa kwa kawa, halafu mara tano kwa siku, mara tatu tatu, tunayatia mdomoni maji ya pipa kwa nia njema kabisa. Bibi yako akaiweka kata chini. Akaomba maji ya mtungini, akamaliza kutawadha, akaswali, akaomba dua ndefu.

Alipotoka, ilikuwa zamu yako ya kuoga. Nikakuweka kwenye beseni, maji nimechota pipani, nikakupa dodoki ucheze nalo. Nawe ukafanya kama ulivyofanya kila siku, ukalipeleka mdomoni ukalifyonza kama embe dodo. Tulikuwa tunakucheka sana kwa hilo. Baba yako alikuwa akiwaita hata majirani waje waone. Bibi yako hakucheka. Alinishika mkono akasema, "Tazama, anakunywa."

Wallahi, nilikupokonya lile dodoki palepale. Tukalipindua lile pipa sisi wawili. Chini tulikuta tope kimo cha kidole, konokono, na mabuu yanacheza kama yako harusini. Kisha akaniuliza kile kikombe changu cha heshima nakioshea maji gani. Nikakiangalia pale msumarini kinavyong'aa, nikaangua kilio. Nilikuwa nakiosha kwa maji ya pipa kila asubuhi, na kukisugua kwa bidii.

Nilingoja anikaripie. Nilistahili. Yeye akaketi nami palepale kwenye mchanga uliolowa, kanga yake nzuri ikilowana, akaniambia, "Mwanangu, tumbo halina macho. Halijui haya ni ya kunywa na haya ni ya kuogea. Wewe umeweka bawabu mlango wa mbele, ukauacha wa uani wazi. Maji yanaingia nyumba hii mara moja tu, kutoka kisimani. Yasafishe hapo yanapoingia, kabla hayajagawana njia." Akanifuta uso kwa pembe ya kanga. "Hukuwa mchafu. Ulikuwa na bidii nyingi mahali pamoja."

Neno hilo la mwisho ndilo lililoniinua. Angeniita mchafu ningeinuka na chuki, na pengine ningekuficha na maradhi yako. Akaniinua kwa kunipa haki yangu kwanza, kisha akanionyesha kosa. Nawe ukiwa na la kumwambia mke wako, anzia hapo alipoanzia bibi yako.

Jioni ile ile baba yako alitafuta pipa la pili, bibi yako akimwelekeza. Moja wakaliinua juu ya mawe, wakalijaza changarawe, mchanga uliooshwa na mkaa uliopondwa, na chini wakachomeka bomba la kupeleka maji kwenye pipa jingine lenye kifuniko. Ikawa amri: hakuna tone la kisimani litakaloingia nyumba hii bila kupita pale. Dawa ya maji tukapewa zahanati. Yako wewe, ya kunywa na ya kuoga pia, niliendelea kuyachemsha, na dodoki tukalitupa ukalia siku mbili. Jumamosi Zuhura akafika na mkoba mtupu wa kutilia nguo zako. Bibi yako akamwambia, "Kula samaki, pumzika, mkoba uurudishe. Mtoto haendi mpaka tuone kliniki ijayo." Kliniki ijayo mstari ulipanda. Kadi ile iko sandukuni kwangu mpaka leo, chini ya kanga za harusi.

Sasa ndipo nifike kwenye simu yako. Juzi umenirushia video ya nyumba unayomalizia huko Lindi. Nimeona vigae, nimeona tangi juu ya mnara wake, nimeona chumba ulichosema ni cha kwangu, na dirisha lake, na machozi yamenitoka, sikufichi. Halafu ukafungua kabati chini ya sinki ukanionyesha chujio jipya, ukasema, "Mama, bomba hili la jikoni ndilo letu la kunywa. Mengine ni ya kazi." Nilicheka peke yangu mpaka kuku wakakimbia. Pua umerithi kwa baba yako, na kosa umelirithi kwangu.

Nikamwita fundi bomba anayefunga maji kwenye nyumba ya wageni pale barabarani, nikamkalisha, nikampa chai, nikamhoji. Amenieleza kuwa siku hizi kuna machujio ya nyumba nzima. Yanafungwa kwenye bomba kubwa linaloshuka kutoka tangini, kabla halijatawanyika kwenda jikoni, bafuni na chooni. La kwanza linakamata mchanga na kutu, la pili ni la mkaa, linaondoa harufu, na mwisho kuna taa inayoua vijidudu. Mimi nikamwambia, kumbe hili ni pipa la Bi Pili limevaa suti. Akacheka, lakini akanionya pia: chujio la kawaida haliondoi chumvi, na maji ya visima vya pwani mnayajua. Kwa hiyo kwanza yapelekwe yakapimwe, ijulikane yana nini, ndipo ununue cha kuyatibu. Usinunue dawa kabla hujajua ugonjwa.

Wala usidhani nasema tumbo peke yake. Huko mnakoishi sasa, kwa maji ya kisima hicho hicho, Rehema mke wako alinilalamikia kwamba ushungi wake mweupe umegeuka rangi ya chai, amebadilisha sabuni tatu. Maskini, sabuni haina kosa, ni kutu ya maji. Mwanao mdogo anajikuna kila akitoka kuoga. Bomba la mvua bafuni kwenu linatoa matone mawili kwa sababu mchanga umeziba vitundu. Haya yote mnayatafutia dawa mbalimbali, na mlango wake ni mmoja.

Basi shika haya, mwanangu. Msimamishe fundi kabla hajaziba ukuta, maana usipoziba ufa utajenga ukuta, na wewe ukichelewa utabomoa. Chujio likae pale maji yanapoingia. Tangi lisafishwe, lifunikwe. Na ile mishumaa ya ndani ya chujio, vile vichungi vyenyewe, ibadilishwe kwa wakati wake, usiifunge ukaisahau, kwa sababu chujio lililosahaulika ni pipa langu lile lile. Panapopita ya kunywa ndipo yapite ya kuoga, ya kufulia na ya kutawadhia. Usiwe na bidii nyingi mahali pamoja.

Mungu akupe nyumba yenye watu wanaocheka. Awape wanao afya niliyokuombea usiku na mchana ukiwa mwepesi mgongoni kwangu, na bibi yako Pili Mola amlaze pema. Nitakuja, Mungu akipenda, nyumba ikikamilika, na kadi yako ya kliniki nitakuja nayo uwaonyeshe wanao. Usinikaribishe kwa bilauri ya maji ya jikoni. Nitapita moja kwa moja bafuni kutawadha, nitasukutua mara tatu, na mara ya tatu, mwanangu, nataka niyameze.