Mwaka Muchangi Aliposhika Uzi

Cicily Ruguru alikuwa msukaji wa viondo, vile vikapu vya mkonge, kabla hajawa kitu kingine chochote. Alisuka akichunga mbuzi wa baba yake kule Mbeere, akasuka alipoolewa Karuguta, upande wa juu wa Embu kunakolimwa kahawa, akasuka hata mimba ya mwanawe Njue ilipomfika kifuani asiweze kuona magoti yake. Akienda sokoni, kiondo kisichokamilika kilitangulia mbele yake kikining'inia, na vidole vikifanya kazi huku mdomo ukisalimia watu njiani. Wanawake wa Karuguta walisema ukimkuta Cicily mikono mitupu, piga goti uombe, maana kuna jambo.

Jambo lenyewe lilikuja asubuhi moja ya kawaida kabisa. Alikuwa akimpa mumewe, Muchangi, chai, kikombe kikamtoka. Muchangi akadhani ni joto la chai. Kisha akaona mdomo wa mkewe umekwenda upande, na mkono wa kulia umelala juu ya meza kama kitu alichokisahau mtu mwingine. Kiharusi. Walimkimbiza Embu mjini kwa gari la jirani, akalazwa, akatibiwa, akarudi. Maneno yalirudi baada ya muda. Mguu ulirudi nusu, ukataka fimbo. Mkono haukurudi.

Daktari wa mazoezi alimpa kampira ka kufinya. Cicily alikafinya siku za mwanzo, kisha akakatupa chini ya kitanda. Mkonge wake wote, uliosokotwa na usiosokotwa, na sufuria ya kupikia rangi, alimwita Ednah wa kikundi cha kina mama akampa.

"Unanipa ama unaniwekea?" Ednah aliuliza, maana walikuwa marafiki tangu wakiwa mabibi arusi wa kijiji kimoja.

"Nimekupa. Usinirudishie."

Tangu hapo nyumba ikawa na kimya ambacho Muchangi hakukizoea. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu aliyefanya kazi ya kupima kahawa kiwandani mpaka akastaafu, na hakuwa mwenye maneno mengi. Maneno ya nyumba ile yalikuwa ya Cicily. Sasa Muchangi alikamua ng'ombe, akapika uji, akamfunga mkewe vifungo vya sweta, na mkewe akamtazama kama anayetazama mvua dirishani.

Hivi ndivyo mambo yalivyokuwa msimu wa maua ulipofika.

Karuguta ni kijiji cha zamani. Wakati wa hali ya hatari, miaka michache kabla ya uhuru, serikali ya mkoloni iliwahamisha watu kutoka mashamba yao ikawarundika pale, ikawalazimisha wachimbe handaki kuzunguka kijiji chote na kulijaza miti iliyochongwa ncha. Mama mkwe wa Cicily alikuwa mmoja wa waliolichimba, msichana mdogo na jembe lililomzidi urefu. Uhuru ulipokuja watu walirudi mashambani, wakaacha kanisa la mawe, nyumba chache za kale na lile handaki. Hakuna aliyetaka kulifukia. Miti yenye ncha ikaoza, udongo ukalegea, mbegu za mlimani zikaletwa na upepo na ndege. Mvua ndefu zikikatika, handaki lote huwaka maua: ya rangi ya chungwa yanayopanda ghorofa juu ya shina moja, meupe makavu yasiyonyauka hata ukiyaweka rafuni mwaka mzima, ya zambarau yanayojificha majanini, na manjano kila mahali. Kina mama wa kanisa waliona ni heri watu waje kuyaona, na wakija wakute kazi za mikono. Ndipo tamasha likaanza. Sheria ni moja tu: huchumi.

Cicily alikuwa amekaa kwenye kibanda cha wasukaji kila tamasha tangu la kwanza. Safari hii alisema haendi.

Njue, mwana wao, anafanya kazi Meru na anaishi huko huko, mtaa wa Kinoru, na mkewe Gatwiri. Gatwiri alifika siku ya tamasha asubuhi, akaingia jikoni, akaanza kumenya nduma kama aliyekuja kwa hilo tu.

"Mama, mimi sijawahi kuona hayo maua," alisema bila kuinua kichwa. "Kila mwaka nasikia tu sifa. Nani atanionyesha?"

"Baba yako yuko."

"Baba ataniambia hili ni ua, na lile ni ua."

Muchangi, aliyekuwa mlangoni, alisema, "Ni kweli. Mimi nayajua yote kwa jina hilo moja. Mama Njue, twende tukaangalie tu. Ukichoka tunarudi."

Cicily akauliza sweta lake la buluu liko wapi.

Walikwenda polepole kando ya handaki, Gatwiri mbele, Muchangi nyuma, Cicily katikati na fimbo yake. Ukungu ulikuwa umeinuka na jua lilikuwa jepesi. Watu walikuwa wengi: wanafunzi wa chuo kutoka Nchiru wakipiga picha, wakulima waliovaa nguo za Jumapili, wazungu wawili watatu wenye kofia. Gatwiri aliuliza hili linaitwaje, na lile, na Cicily akajibu kwa Kimbeere cha kwao, kisha akaeleza lipi hutoa rangi na lipi hudanganya, likang'aa shinani na kugeuka maji ya matope ukilichemsha. Alipofika kwenye maua ya manjano ya harufu kali alisimama muda mrefu.

"Haya ukiyapika na mkonge usiku kucha, unatoka na rangi ya ndama," alisema. Sauti yake ilikuwa na kitu ambacho Muchangi hakuwa amekisikia tangu kile kikombe kianguke.

Mambo yaliharibika kibandani. Kina mama walikuwa wameketi duara kama kawaida, na kati ya Ednah na ukuta kulikuwa na kigoda kitupu chenye ngozi ya mbuzi juu yake. Kigoda cha Cicily. Hakuna aliyekikalia.

"Karibu nyumbani," Ednah alisema.

Cicily alitaka kugeuka, lakini mguu ulikuwa umechoka, akaketi. Wakamsalimia, wakamuulizia afya, kisha kila mmoja akarudia kazi yake. Wageni walikuwa wakizunguka wakitazama. Msichana mmoja wa chuo alikuwa amepewa nyuzi ajaribu kuanza kitako cha kiondo, na zilikuwa zikimsambaa. Alimgeukia Cicily kama mtu na bibi yake, asijue lolote, akamwekea zile nyuzi mapajani.

"Shosho, nionyeshe tafadhali."

Vidole vya kina mama vikasimama. Ednah alifungua mdomo kusema neno, lakini Cicily alikuwa tayari amezishika kwa mkono wa kushoto. Alizipanga msalaba. Aliubana msalaba kwa goti, akainama, akavuta uzi kwa meno. Uzi ulipita nyuma, ukapita mbele, na alipotaka kukaza, msalaba ukafyatuka na nyuzi zote zikamwagika miguuni. Alijaribu tena. Zikamwagika tena. Kina mama waliinamisha nyuso kwenye viondo vyao, na huo upole wao ulimuuma kuliko kicheko. Macho yake yakajaa.

"Baba Njue," aliita, "nipeleke nyumbani."

Muchangi alikuwa amesimama nje pamoja na wanaume, kwenye mizinga ya nyuki iliyokuwa ikionyeshwa. Aliingia kibandani, mahali ambapo mwanamume haingii ila kwa kuaga au kuita mtu. Akamtazama mkewe, akazitazama zile nyuzi chini. Kisha akavua koti lake la Jumapili, akampa Gatwiri, akakaa sakafuni kando ya kigoda, miguu mirefu ameikunja vibaya kama panzi.

"Nishike wapi?" alisema.

"Inuka, watu wanaona."

"Nimewaona. Nishike wapi?"

Mlangoni palikuwa na Kiambi, rika lake Muchangi, mtu wa mzaha mkali. "Mzee wa kanisa!" alipaza sauti. "Ukitoka hapo utaenda kubeba kuni kwa mgongo kama kina mama?"

Wanaume wakacheka. Muchangi hakugeuka. "Nikiona kuni zimeisha nitaenda," alisema. "Kiambi, mimi nimelishwa na mkono huu miaka yote. Mkono ukilala, nitauambia uamke unilishe tena? Wacha na wangu ufanye kazi kidogo."

Kiambi alibaki pale mlangoni, ila kofia aliivua.

Cicily akaokota nyuzi, akazipanga msalaba kwa mkono wa kushoto. "Shika hapa katikati. Kwa vidole viwili. Usikaze kama unafunga gunia la kahawa."

Muchangi alishika. Cicily akapitisha uzi nyuma, yeye akaupokea mbele. Akamwambia avute, akavuta kwa nguvu zake zote za kiwandani, uzi ukakatika.

"Nimesema nini mimi?"

"Umesema nivute."

"Nimesema vuta. Sikusema ng'oa!"

Na hapo Cicily akacheka. Kilikuwa kicheko cha upande mmoja, kwa sababu shavu la kulia lilikuwa bado zito, lakini kilitoka tumboni. Ednah alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Yule msichana wa chuo akacheka bila kujua anacheka nini. Muchangi mwenyewe akatabasamu akitazama kipande cha uzi mkononi kana kwamba ni panya aliyemkamata.

Walianza upya. Cicily alimfundisha kama alivyofundishwa na mama yake: uzi mmoja unakwenda mbele, wa pili nyuma, zinapishana kwa kila uzi uliosimama, na mkono haupaswi kuwa na haraka. Vidole vya Muchangi vilikuwa vinene na vilisahau. Alikosea upande, akafumua, akakosea tena. Watu walikuja wakaondoka. Gatwiri alileta chai na nduma wakala hapo hapo, Muchangi akikataa kuachilia kitako kwa kuogopa kitafumuka. Jua lilipoanza kuelekea upande wa mlima, walikuwa na kitu chenye ukubwa wa kisahani, kimepinda upande mmoja.

"Kibaya kweli," alisema Cicily akikigeuza.

"Ni cha nani hicho?" aliuliza Muchangi.

"Chetu. Nani mwingine angekubali?"

Waliporudi nyumbani Ednah aliwafuata na gunia lililojaa mkonge, na ile sufuria ya rangi juu yake. Aliweka vyote barazani akaenda zake.

Tangu siku ile wanasuka asubuhi, maziwa yakishapelekwa. Muchangi hukaa kwenye ngazi ya chini, Cicily kwenye kiti. Wanagombana sana. Jirani akipita husikia, "Nyuma, nyuma, mbona wewe hujui nyuma?" na sauti ya mzee ikijitetea. Kampira ka mazoezi kalitolewa chini ya kitanda. Cicily hukafinya jioni akisikiliza redio, na ingawa mkono wa kulia haujarudia kusuka, sasa unaweza kulala juu ya kitako na kukibana kisiteleze. Daktari alipouona alifurahi kuliko alivyotarajia Cicily, akamwambia aendelee na dawa hiyo aliyoipata kwingine.

Kahawa ilipoanza kuiva kiondo kilikuwa kimefika shingoni. Mistari ya rangi ya ndama inakizunguka, na mahali Muchangi alipokosea panaonekana wazi kama kovu. Cicily alikuwa na mpango wa kumalizia kwa rangi nyeusi, ilivyo kawaida.

"Weka mstari mwekundu," alisema Muchangi.

"Wapi umeona kiondo cha kwetu chenye mstari mwekundu hapo?"

"Sijaona. Ndiyo maana nautaka."

Cicily alisema hapana. Alikuwa amesema hapana jana yake pia, na juzi yake. Asubuhi iliyofuata Muchangi alitoka zizini na ndoo ya maziwa, akakuta sufuria iko jikoni juu ya moto, na mkewe amesimama kando yake, fimbo ameiegemeza ukutani, akikoroga kwa mkono wa kushoto maji mekundu kama udongo wa Karuguta.

"Osha mikono," alimwambia bila kugeuka. "Leo tuna kazi."