Acha Deki Ipate Joto Kwanza

Mwanangu, nikimaliza kusimulia utanicheka, na utakuwa na haki. Nakuita mwanangu ingawa ndevu zangu zinakuja mojamoja. Kuna makosa yanamzeesha mtu mchana mmoja.

Ilikuwa Jumapili ya Julai, baridi ile ya Joburg, maji ya bomba yanauma meno. Mama Neema, Mkongo anayesuka nywele mjini na kukaa Jeppestown, alikuwa anamwoza binti yake Jumamosi inayofuata. Kwao msichana haondoki bila maneno ya babu. Babu alishafariki huko Uvira, ila siku ya harusi ya Mama Neema aliongea, na maneno yake yamo kwenye kaseti ya video. Kaseti moja tu, nakala hakuna. Neema hajawahi kumsikia.

Deki ninayo mimi. Wenzangu wote walihamia kwenye simu, mimi nikabaki na deki, basi nikaitwa fundi. Cheo kitamu hicho, usikikubali haraka. Nikaibeba kutoka Soweto nyuma ya bakkie, pikapu ya jirani, ikapigwa upepo njia nzima.

Ndani kwa Mama Neema kulikuwa na hita ya gesi, sufuria la wali na mashangazi chumba kizima. Joto kama la mkate. Nikachomeka waya.

"Tuombe kwanza," Mama Neema akasema.

"Mama, deki haina pepo, ina waya tu."

Wakacheka. Nikavimba kichwa, nikasukuma kaseti. Zikaja chenga, halafu ikalia krr, ikanyamaza. Nabonyeza itoke, haitoki. Nikachomoa waya, nikafungua mfuniko: utepe umenasa kwenye kichwa, kile chuma kinachozunguka kusoma picha, mwingine umemwagika kama tambi. Nikatoa koleo.

"Weye kijana, weka ile koleo chini."

"Navuta kidogo tu, mama."

"Kidogo ndiyo nini? Baba yangu eko mule ndani."

Hapo hakucheka mtu. "Haibo," Neema akashangaa kwa Kizulu, polepole, macho kwenye koleo langu.

Mama Neema akaanza kuomba. Maombi yao si mafupi, mwanangu. Akapita kwa Muumba, akapita Uvira, akafika kwangu: "Na huyu wa Soweto, Bwana, umpe akili leo, kesho tutaona." Nikafungua jicho moja. Kile kichwa cha chuma kilikuwa na matonematone, kama dirisha ugali ukichemka. Nikaelewa. Deki imetoka kwenye baridi ikaingia kwenye joto, imelowa ndani, na utepe hunata kwenye chuma chenye maji. Koleo likarudi mfukoni. Mara ya kwanza maishani nikatamani maombi yaendelee, na maombi yalipofika kwa wakwe, matone yalikuwa yanapungua.

Baada ya amina nikangoja tena, hadi chuma kikakauka. Nikazungusha gurudumu la mota kwa kidole, taratibu. Utepe ukaachia. Umekunjamana mwanzoni, haujakatika. Nikapumua kama niliyetoka chini ya maji, nikaurudisha utepe ndani, nikachomeka waya, nikabonyeza.

Babu akatokea, koti kubwa kumzidi, sauti safi: "Uende salama, binti yangu. Nyumba yako iwe na vicheko." Neema, ambaye tukimsemesha Kiswahili hutujibu Kizulu, alikuwa amekaa chini mbele ya tivii. Akajibu, "Ndiyo, babu."

Sasa shika haya. Deki ikitoka baridini, iache ipate joto bila umeme, unywe hata chai. Ukiona chenga, futa kichwa kwa spiriti na kitambaa laini, kikauke. Picha ikirukaruka, zungusha ile swichi ya kuirekebisha kidogokidogo. Mkanda ukinasa, usivute kamwe. Si wako, una watu ndani. Na mwenye kaseti akisema tungoje, kaa chini.

Mungu akulinde, mwanangu, na vitu vya watu visikufie mikononi.

Mimi nilibarikiwa siku hiyohiyo. Mama Neema alinipa sahani ya wali, akanitazama, akasema, "Mungu akupe mke mvumilivu. Mkiwa wawili wa haraka, mtaunguza nyumba."