Kondoo wa Mgeni Rasmi

Safari hii ilianzia kwenye semina, kama yanavyoanza mabalaa mengi ya ofisi za serikali kule Mtumba. Tulionyeshwa picha za kondoo mwitu wa majangwa ya mbali, wanaoishi majabalini na kuvumilia kiu, nao wanazidi kupungua. Mkuu wangu aliguswa sana, hasa baada ya sambusa. Akasema na sisi Ugogo tuna kondoo wetu wa mkia mnene, mabingwa wa ukame, wanapotea kwa kupandishwa na madume wa kisasa. Nikatumwa kumwona dume wa Bibi Chilongani, wa mwisho wa damu yake kijijini, tupange namna ya kumhifadhi.

Asubuhi nilitoka nyumbani Nzuguni na dereva, kwa gari la ofisi. Baada ya Chamwino lami ilituaga, na kiyoyozi nacho kikachukua likizo.

Mchana tulifika. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amepanga viti vya plastiki, turubai na kwaya. Pembeni, kwenye mgunga, kondoo dume amefungwa kamba na mwanamume ananoa kisu. Nikauliza yule ni kondoo gani. Mwenyekiti akajibu kwa fahari kuwa ndiye huyo niliyemfuata. Mgeni wa serikali halishwi kondoo wa hivi hivi. Jamani! Nimetumwa kumhifadhi, wenzangu wanataka kumhifadhi tumboni mwangu.

Nilimwamkia Bibi Chilongani. Akaitikia marahaba bila kumwondolea macho dume wake. Akaniambia taratibu kwamba ukame uliopita madume wa kisasa walikufa wote, huyu akabaki anatafuna maganda ya mgunga. Roho iliniuma. Lakini kukataa kitoweo cha mgeni ni kuwatukana wenyeji, na dereva wangu alishanawa mikono.

Ndipo nikakumbuka desturi ya huku ya kumwachia rafiki mifugo akuchungie. Nikasimama, nikashukuru, nikasema kondoo nimempokea akiwa hai, sasa ni wangu, na kwa kuwa Nzuguni sina zizi, namwachia Bibi. Mwenyekiti akamwashiria mwenye kisu akiweke chini. Desturi ni yake mwenyewe. Bibi alikwenda kuifungua kamba kwa mkono wake.

"Na watakaozaliwa?" akaniuliza.

"Wako wote, Bibi."

Tulikula jogoo kwa ugali wa mtama. Dereva alinisimulia utamu wa nyama ya kondoo mpaka Chamwino.

Jioni nilikuwa nyumbani, nimejifunza kwamba kondoo wa Ugogo anavumilia njaa, kiu na jua. Kinachomshinda ni ugeni rasmi. Mkuu aliisifu ripoti yangu, akaamua kwenda mwenyewe na ujumbe mzito. Nikampigia Bibi simu kumpa habari njema hiyo.

"Waje tu, mwanangu," akasema. "Siku hiyo kondoo wako atakuwa kwenye malisho ya mbali."