Maji ya Kuoshea Mawe

Daktari alitumia maneno machache, na baba yangu alimpendea hilo tu. Aliinua ile picha ya kifua akaielekeza dirishani, akasema, "Mzee, huu weupe wote ni vumbi la mawe. Lililoingia halitoki. Tunachoweza ni kuzuia lisiongezeke." Baba akauliza kama hakuna dawa ya kulitapisha. Daktari akasema hakuna. Baba akavaa kofia yake tukatoka, na njia nzima hadi nyumbani Utemini alinilaumu kwamba nimempeleka kutibiwa na mtoto.

Baba alipasua mawe upande wa Unyambwa tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa akiwasha moto juu ya jabali mpaka lipasuke, kisha anapiga nyundo, na mama anakaa chini kuponda vipande viwe kokoto. Jioni tulimtambua baba kwa kope zake nyeupe. Alikuwa anatutisha nazo, sisi watoto tunakimbia tukicheka. Mama alipofariki nilimchukua baba aje kukaa nami, na kifua chake kikaja pamoja naye. Kwa hiyo tangu siku ile ya picha nilikuwa na shughuli moja kubwa duniani: vumbi lisimfikie baba yangu. Hapa Singida, ambako upepo wa kipupwe hauombi ruhusa kwa mtu, hiyo si shughuli ndogo.

Mimi ni fundi cherehani. Siku moja mteja aliingia kibandani akiwa amevaa kidani cha jiwe jekundu linalong'aa kama limetoka mtoni sasa hivi. Nikamuuliza amelipaka mafuta gani. Akacheka, akasema halijapakwa kitu. Linawekwa kwenye pipa dogo pamoja na wenzake, maji na unga wa msasa, pipa linazungushwa na mota wiki baada ya wiki, mawe yanasuguana yenyewe hadi yanakuwa vile.

"Halafu vumbi?" nikauliza.

"Vumbi litoke wapi, dada? Kila kitu kiko ndani ya maji."

Neno hilo ndilo lililonikamata. Maisha yangu yote nilijua jiwe na vumbi ni ndugu wa tumbo moja, na leo naambiwa kuna kazi ya mawe isiyo na vumbi. Nilifurahi kama mtu aliyemshinda adui. Fundi wa kuchomelea akanitengenezea fremu ya vyuma viwili vinavyozunguka, mota akaitoa kwenye mashine mbovu ya kufulia. Pipa lilikuwa ndoo nene yenye kifuniko cha kukaza, ndani nimelivika mpira wa tairi ili lisitobolewe. Unga wa msasa niliagiza Arusha, mifuko minne, kuanzia ule wenye chembe kama mchanga hadi ule laini kama poda ya mtoto. Mashine nikaiweka baraza ya nyuma, ukuta mmoja na chumba cha baba.

"Unayaosha mawe?" baba akaniuliza. "Yamekosa nini?"

Pipa la kwanza lilikuwa aibu tupu. Mimi nilikuwa na mawe ya rangi niliyookota kwenye mabonde ya Iramba, lakini baba aling'ang'ania tuchanganye na vipande vya jabali la Unyambwa. Jiwe la kwetu, akasema, halina mpinzani. Kumbe jabali lile si kitu kimoja. Lina chembe ngumu na chembe laini, na zile laini zikaliwa zikaacha mashimo. Mimi nami nilikuwa na pupa. Hatua ya kwanza sikuisubiri iishe, nikarukia ya pili, ya tatu, ya kung'arisha. Tulipofungua tukakuta vitu vimefifia, vina mikwaruzo na mabaka kama viazi vilivyochemshwa na maganda yake. Baba alikigeuza kimoja mkononi kwa muda mrefu.

"Haya mawe," akasema, "yanaumwa kuliko mimi."

Tulicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kilipoanza kicheko kikaisha.

Baada ya hapo nikashika adabu. Mawe ya ugumu mmoja, bila kuchanganya. Lenye ufa ulitoe, maana ufa unaficha chembe za msasa mkubwa, na chembe moja tu ikipenya hatua ya mwisho inachana kazi ya mwezi mzima. Pipa lijae zaidi ya nusu, karibu robo tatu, maji yasifunike mawe ya juu. Hatua ya kwanza ndiyo inayotengeneza umbo, usiihame mpaka jiwe liwe halina kona. Na kila hatua ikiisha unaosha jiwe mojamoja kwa mswaki, pipa nalo unalisugua kana kwamba kuna mgonjwa amelitapikia. Haraka haraka haina baraka. Nilikuwa nikiisema methali hiyo kwa wateja wanaodai magauni yao, sasa ikanirudia.

Kilichobaki ni sauti, na huko baba alinizidi. Mashine ilizunguka usiku na mchana, naye alilala sikio likiwa ukutani. Asubuhi nikimwamkia, "Shikamoo baba," alijibu "Marahaba" na papo hapo akatoa taarifa. "Limegonga sana usiku, ongeza mawe." Au, "Limenyamaza mno, umelijaza kupita kiasi." Au, "Linakwaruza, mama, maji yamepungua. Liongezee maji." Pipa lililo sawa, alisema, linasikika kama mvua ya mbali. Nilimwona anavyopata kazi ya kufikiri, na moyo wangu ukatulia. Nilidhani nimempa dawa.

Sasa kuna yale matope. Ukifungua pipa, maji yametoweka. Kuna uji wa kijivu mzito, nusu ni msasa, nusu ni jiwe lenyewe lililosagwa likawa unga mwembamba kuliko wa sembe. Ukiumwaga kwenye bomba la choo unaganda kama saruji. Yule mteja alinionya pia kwamba uji huo ukikauka unarudi kuwa vumbi, tena baya zaidi. Hivyo nikachimba shimo pembeni ya uzio, nyuma ya banda la kuku, nikamwambia baba, "Kila Jumapili nikiosha, maji ya mawe yanamwagwa humu yakiwa bado mabichi, na udongo juu yake."

"Nimesikia," akasema. "Usijisumbue, nitakuwa namwaga mimi."

Kwetu, mzee akisema nimesikia, hajasema amekubali. Nililijua hilo tangu utotoni, ila siku hiyo halikunijia.

Kiangazi kikaingia. Mahali tulipo, mwanamke anayeacha uwanja bila kufagiwa kabla jua halijapanda anasemwa, na uwanja haufagiwi hivihivi. Unanyunyiziwa maji kwanza ili vumbi litulie. Kwa kawaida ni kazi ya wanawake na watoto. Lakini baba, ambaye kifua kilimnyang'anya nyundo, alilichukua fagio na kuifanya kazi hiyo yake. Nilipinga. Akaniambia, "Naanza na maji, vumbi haliamki. Unataka nikae kama gunia?" Nilichungulia asubuhi mbili tatu gizagiza, nikaona kweli, ananyunyiza kwa mkono kutoka kwenye ndoo, taratibu, kama anayepanda uwele. Uwanja umelowa vizuri. Nikamwacha na heshima yake, nikaenda kibandani.

Ndipo mambo yakaanza kwenda mrama, kidogokidogo, bila kelele. Kikohozi cha asubuhi kikawa cha mchana pia. Majani ya mpapai yakashika ukungu wa kijivu. Nikasema ni barabara. Nguo nilizoanika zikawa na ugumu kidogo, nikasema ni sabuni. Jirani yangu Mgogo, mtani wangu wa kila siku, alisimama getini jua likiwa limeinama, akatazama chini. "Nyie Wanyaturu," akasema, "uwanja wenu unametameta! Mnaufagia au mnaupiga pasi?" Nikamjibu kwamba Wagogo hawajawahi kuona usafi, tukacheka, akaenda zake. Maneno yake yalibaki yamening'inia pale getini na mimi nikayapita.

Baba akaanza kulala ameketi. Nilibadilisha mito, nikaziba madirisha kwa kanga zilizolowa, nikamtilia asali ya Itigi kwenye maji ya moto. Nilishuku mashine. Nilikagua kifuniko, nikapitisha kidole kwenye ungio, hakuna hata tone. Niliogopa na sikujua naogopa nini, na hofu isiyo na jina inachosha kuliko kazi. Nilikuwa mkali kwa kila mtu. Nilimgombeza mteja kwa kifungo.

Siku moja umeme ulikatika mtaa wa kibanda changu nikarudi nyumbani saa sita mchana. Upepo ulikuwa mkali. Nikapita nyuma kutafuta kuku mmoja aliyekuwa ametoweka, na nikamkuta ndani ya shimo langu la matope. Alikuwa ameatamia. Shimo lilikuwa kavu, lina majani makavu na manyoya na mayai, na ukuta wake ulikuwa mwekundu vilevile kama siku nilipolichimba. Halikuwa limeonja hata kikombe kimoja cha uji wa mawe.

Nikageuka kutazama uwanja. Kwenye jua la utosini niliiona ile ngozi ya kijivu, imetanda kutoka mlangoni hadi getini, imepasukapasuka kama utando wa uji uliopoa. Kila upepo ulipopiga, ngozi ile ilitoa moshi mwembamba unaometa. Na moshi ulikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha baba pale kibarazani, naye ameketi humo, macho yamefumbwa, fagio limeegemea goti lake. Kope zake zilikuwa nyeupe.

Nilimuuliza kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea baba yangu, "Maji ya mawe umekuwa ukiyamwaga wapi?"

Alifumbua macho akanitazama kana kwamba nimeuliza kitu cha kitoto. "Si ndiyo ninayonyunyizia uwanja. Nayaweka kwenye ndoo, nachota kidogokidogo wiki nzima."

"Nilikwambia shimoni!"

"Maji?" akasema. "Ndoo nzima ya maji nikatupe shimoni? Mama yako alikuwa anachimba mchanga mtoni mpaka kiwiko kizame, ndipo apate kata moja. Sisi tukinawa, maji ya kunawa anapewa mche. Mimi siwezi kumwaga maji shimoni, mwanangu. Mkono unakataa." Kisha akaongeza, kwa upole ambao hadi leo unaniuma, "Tena haya ni mazuri kuliko ya bomba. Yanashika vumbi mpaka uwanja unakuwa kama sakafu."

Angekuwa mzembe ningemfokea, lakini alikuwa mwangalifu, na kwa uangalifu ule, kila alfajiri, aliyanyunyiza mawe yaliyosagwa, akasubiri yakauke hadi kesho yake, akayafagia, akayavuta ndani. Wakati huo mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta nikilihimiza pipa limtengenezee mengine. Nilimkasirikia, nikajikasirikia, nikaukasirikia na mto uliomnyima mama maji. Niliizima mashine, nikalowanisha uwanja wote, na pamoja na jirani yangu tukaukwangua ungali umelowa, tukayazika matope yake shimoni. Kuku nilikuwa nimemhamisha kwanza na mayai yake. Mtani wangu hakutania hata mara moja.

Baba alilazwa wiki hiyohiyo. Walimwekea hewa ya mtungi, wakampiga picha nyingine, na daktari yuleyule akaielekeza dirishani. Safari hii alinitazama mimi. Baada ya siku kadhaa akaturuhusu turudi nyumbani, kwa namna ile ambayo watu wazima wanaielewa.

Pipa lilipozimwa lilikuwa limebakiza kidogo kumaliza hatua ya mwisho, ile ya poda. Nilikaa nalo siku nyingi bila kulifungua. Nilipolifungua hatimaye, nilisuuza jiwe la kwanza na kulifuta kwa pindo la kanga, na likawa limeng'aa. Halikuwa na mkwaruzo wala baka. Niliona dirisha ndani yake, na kichwa changu, kidogo, kikiwa na kilemba. Nilikuwa nimelitamani hilo tangu siku ya kidani, na lilipofika mkononi nilitamani kulitupa.

Nikampelekea baba kitandani. Alilishika kwa vidole vyake vinene akaligeuza kuelekea mwangani.

"Halijapakwa kitu?" akauliza.

"Hapana, baba."

"Miaka yote hiyo nayavunja," akasema, akipumzika kati ya neno na neno, "sikujua yana hivi ndani." Akalifumba kiganjani, na hakulirudisha.

Jioni ile nilikuwa nimeketi kando yake nikishona lupe za gauni, vitanzi vya kupitishia mkanda. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na pipa nililiona, limepinduliwa juu ya uzio, tupu, mpira wake unakauka. Mashine ilikuwa haina hata waya. Baba akageuza kichwa, akaweka sikio ukutani kama zamani, akasikiliza. Na mimi nikasikiliza. Sauti ilikuwepo kweli: mkwaruzo mkavu, unaopanda na kushuka, kama mawe machache yanayozungushwa pasipo maji ya kutosha. Ulikuwa unatoka chini ya shuka lake.

"Mama," akaniambia, "pipa lako leo linakwaruza. Liongezee maji."

"Sawa, baba," nikasema. "Naliongezea sasa hivi."